Kuchaji gari la umeme nyumbani Tanga: tarifu 4, tarifu 1, mita ya pili au sola?

Dada yangu anaishi Leicester, Uingereza. Siku niliyomtumia picha ya Nissan Leaf yangu imeegeshwa chini ya mwembe hapa Mikanjuni, alinipigia simu papo hapo, wala hakuuliza nimeinunua shilingi ngapi. "Mdogo wangu, nisikilize. Usichaji kabla ya saa sita usiku. Jioni umeme ni ghali, utajuta." Nikamtii. Dada ndiye aliyenilea, na magari ya umeme ameyaendesha miaka mingi kabla yangu. Nikatega saa ya gari lianze kuvuta umeme saa sita na nusu usiku, na kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha nikawa nasoma mita na kuandika kwenye daftari.

Nilifanya hivyo wiki sita. Wiki ya saba nikachaji jioni kwa makusudi, saa moja, wakati mtaa mzima umewasha taa na televisheni. Kisha nikakaa na risiti za LUKU, nikagawa fedha kwa uniti. Usiku wa manane, shilingi 356 kwa uniti. Saa moja jioni, shilingi 356 kwa uniti.

Dada hakunidanganya, alikuwa anasema ya kwao. Lakini tangu hapo nimekutana na watu hapa mjini, wengine wana magari, wengine pikipiki na bajaji za umeme, wanaoamka usiku wa manane kuchomeka chaja wakiamini wanaokoa fedha. Nawaandikia wao, na yeyote wa Tanga anayepiga hesabu kabla ya kununua. Kwetu bei ya umeme wa nyumbani haiulizi saa. Inauliza mita yako iko kundi gani. Akiba tuitafute huko kwanza.

Wenzetu wanaolipa kwa saa

Tuanze na Leicester, ili ushauri wa huko usitupoteze. Uingereza mteja wa nyumbani anachagua kampuni ya kumuuzia umeme, na kampuni moja inaweza kuwa na bei za aina nyingi. Ipo ya zamani iitwayo Economy 7, inayotoa saa saba za bei nafuu usiku. Ipo ya wenye magari, kama Octopus Go, ambayo hushusha bei kwa saa chache za usiku wa manane hadi alfajiri, na uniti ya saa hizo huwa sehemu ndogo tu ya bei ya mchana. Halafu ipo Agile, ya kampuni hiyohiyo ya Octopus, ambayo bei yake hubadilika kila nusu saa kufuata soko la jumla. Bei za kesho hutangazwa leo alasiri. Kuanzia saa kumi alasiri hadi saa moja jioni inapanda sana, na usiku wa upepo mkali inaweza kushuka chini ya sifuri, yaani mteja analipwa kwa kutumia umeme. Sababu yake ni kwamba usiku watu wamelala na viwanda vingi vimepumzika, lakini mitambo ya upepo inaendelea kuzunguka. Umeme usipopata wa kuutumia ni mzigo kwa wenye gridi.

Ukiwa huko, kuchagua kunategemea mambo mawili. Bei ya usiku inakwenda na bei ya mchana iliyo juu kidogo, kwa hiyo mwenye gari linalotembea sana anafaidika, na mwenye gari la kwenda sokoni Jumamosi huenda akapoteza kwenye jiko na mashine ya kufulia kile alichookoa kwenye gari. La pili, kwa bei kama Go na Agile lazima uwe na mita inayosoma kila nusu saa na kutuma taarifa yenyewe. Bila mita hiyo kampuni haiwezi kujua ulivuta lini.

Mombasa ni karibu zaidi, kwa hiyo nilimuuliza binamu yangu mwenye pikipiki ya umeme. Kenya iliidhinisha mwaka 2023 kundi la bei la vyombo vya umeme, shilingi 16 za Kenya kwa uniti nyakati za kawaida na shilingi 8 nyakati za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Siku za kazi, nyakati hizo nafuu ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nusu bei! Lakini kundi hilo linataka mita yake peke yake, na linamfaa zaidi mwenye kituo au vyombo vingi. Binamu ana pikipiki moja, hivyo hakuhangaika nalo. Anabadilisha betri kituoni na kuendelea na safari.

Tarifu 4 na tarifu 1

Sasa tuje nyumbani, kwenye karatasi ya LUKU. Majumbani kwetu kuna makundi mawili yanayotuhusu. La kwanza ni D1, ambalo mtaani tunaliita tarifu 4, la wateja wanaotumia kwa wastani uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Hizo 75 ni shilingi 100 kila moja, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. La pili ni T1, yaani tarifu 1, shilingi 292 kwa uniti tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Juu ya bei hizo ongeza VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya msimamizi wa nishati na maji (EWURA) asilimia 1, jumla 22. Kwa hiyo mfukoni mwako uniti ya tarifu 1 ni shilingi 356.24. Ya tarifu 4 ni shilingi 122, halafu ukishavuka 75 inaruka hadi 427.

Hebu ione kwa macho. Mwenye tarifu 4 akinunua umeme wa elfu kumi mwanzo wa mwezi, tukiacha kodi ya jengo, anapata uniti 77. Akizimaliza na kununua wa elfu kumi tena mwezi huohuo anapata 23. Mwenye tarifu 1 anapata 28 mara zote mbili.

Kodi ya jengo nayo imewachanganya wengi. Shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida hukatwa kwenye LUKU unaponunua umeme mara ya kwanza katika mwezi. Elfu kumi yako inabaki 8,500, na badala ya uniti 28 unapata karibu 24. Nimewasikia watu kwenye baraza wakiapa kwamba umeme huwa ghali tarehe za mwanzo, kwa hiyo wanasubiri katikati ya mwezi ndipo wachaji. Kusubiri hakuokoi kitu. Ile 1,500 itakatwa tu siku yoyote utakayonunua, na isipokatwa mwezi huu inajikusanya.

Sasa ingiza gari. Leaf kwenye barabara zetu inanipa kama kilomita 6 kwa kila uniti ya mita. Nasema uniti ya mita, maana kioo cha gari kitakuonyesha namba nzuri zaidi. Kati ya ukuta na betri kuna umeme unaopotea kama joto, asilimia 10 hadi 15 hivi, na LUKU inahesabu kile kilichotoka ukutani. Ukitumia namba ya kioo utajidanganya.

Nyumba yangu kabla ya gari ilikuwa inatumia kama uniti 60 kwa mwezi: friji moja, feni, taa, pasi na televisheni. Tulikuwa tarifu 4. Kwa petroli nimechukua shilingi 3,000 kwa lita na gari dogo la kilomita 14 kwa lita, ili hesabu iwe nyepesi. Wewe weka bei ya EWURA ya mwezi wako.

| Matumizi kwa mwezi | Uniti | LUKU (Sh) |
|---|---|---|
| Nyumba tu, tarifu 4 | 60 | 7,320 |
| Nyumba tu, tarifu 1 | 60 | 21,374 |
| Nyumba na gari km 300, tarifu 1 | 110 | 39,186 |
| Nyumba na gari km 1,000, tarifu 1 | 227 | 80,866 |
| Mita mbili: nyumba tarifu 4, gari km 1,000 tarifu 1 | 60 + 167 | 66,812 |

Tazama mistari miwili ya kwanza. Nyumba ni ileile, friji ileile, lakini bei imepanda kwa shilingi 14,054. Hapo ndipo watu wengi hawaangalii. Ukizidisha uniti 75 mwezi baada ya mwezi unahamishwa kwenda tarifu 1, na ukihamishwa halihami gari peke yake. Taa, friji na pasi vyote vinahama nalo. Kwa hiyo gharama ya gari ni uniti linazokula pamoja na hiyo 14,054 ya kuondoka kwenye kundi la chini.

Kwa anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi, gari linakula shilingi 59,492. Ukijumlisha gharama ya kuhama unafika 73,546, yaani kama shilingi 74 kwa kilomita. Petroli ingekuwa 214 kwa kilomita. Hapa sina la kubishana, umeme umeshinda mbali.

Kwa anayetembea kilomita 300 mambo yanabadilika. Gari linakula shilingi 17,812 tu, lakini kuhama ni 14,054 ileile. Jumla 31,866, shilingi 106 kwa kilomita. Bado ni nusu ya petroli, lakini karibu nusu ya fedha hizo hazikwenda kwenye gari hata kidogo. Ajabu ya bei hii ni kwamba anayetembea kidogo ndiye anayelipa zaidi kwa kila kilomita.

Yupo mtu mmoja ambaye naweza kumwambia abaki tarifu 4 na gari lake. Ni yule ambaye nyumba yake inakula uniti 40 au chini ya hapo, na safari zake ni za Ngamiani, Chuda na kurudi. Anabakiwa na uniti 35, ambazo ni kama kilomita 210, na kila kilomita inamgharimu shilingi 20. Hakuna kundi lingine la bei linalokaribia hapo. Lakini lazima awe mtu wa kuangalia mita kila wiki, na asiwe na kiyoyozi. Kiyoyozi kwenye joto la Tanga kitamhamisha peke yake, gari likiwepo au lisiwepo.

Kama tayari uko tarifu 1, basi wewe una raha. Huna cha kupoteza, kilomita yako ni kama shilingi 60, na unaweza kuruka sehemu inayofuata.

Mita ya pili

Hili nililipigia hesabu usiku mwingi. Nyumba ibaki tarifu 4 kwenye mita yake, gari liwe na mita ya tarifu 1. Kuunganishiwa umeme wa njia moja mjini, mahali pasipohitaji nguzo, ni shilingi 320,960. Ukigawa kwa akiba ya 14,054 unapata karibu miezi 23 mpaka fedha irudi, bado hujamlipa fundi wa kutandaza waya.

Miezi 23 si mingi kwa anayejenga nyumba yake. Ila inafaa tu kama una jengo la pili lenye waya wake, banda la uani au fremu ya duka, mahali ambapo mita inajitegemea. Nenda ofisi ya TANESCO ukaeleze wazi unachotaka, na useme ni kwa ajili ya kuchaji gari. Kugawa nyumba moja kwa ujanja ili upate uniti 75 mbili za bei nafuu sikushauri. Bei ile iliwekwa kwa ajili ya nyumba zenye taa tatu na redio, na mwenye gari anayejibanza humo anakula cha mwenzake.

Hakikisha pia kodi ya jengo haikatwi kwenye mita zote mbili kama jengo ni moja. Ikikatwa, beba namba za mita uende kuripoti, usikae kimya.

Mimi mwenyewe sikuweka mita ya pili. Nyumba yangu ni moja, na watoto wanakua. Friji ya pili inakuja, na tarifu 4 tungeiaga tu.

Sola: gari lako linashinda wapi mchana?

Mafundi wa sola watakuuliza paa lako lina ukubwa gani. Mimi nakuuliza gari lako huwa wapi saa sita mchana.

Paneli za kilowati 2 hapa Tanga, siku ya jua zuri, hutoa kama uniti 8. Masika inapokolea, Aprili na Mei, zinaweza kutoa nusu yake au chini. Mwenye duka nyumbani, au mama lishe ambaye gari lake hutoka alfajiri kwenda sokoni na kurudi saa nne, anaweza kulichaji juani siku tano za wiki. Hizo ni uniti kama 170 kwa mwezi wa kiangazi, kilomita zake 1,000 zote. Akiba yake ni karibu shilingi 60,000 kwa mwezi, na kwa fedha hiyo mfumo wa sola unajilipa.

Mimi gari langu linashinda uwanja wa shule. Lipo nyumbani mchana Jumamosi na Jumapili tu, uniti 70 kwa mwezi siku zikiwa nzuri, shilingi 25,000. Ningetaka kuchaji usiku kwa umeme wa mchana ningehitaji betri ya kuhifadhi, ambayo ni ghali na yenyewe inapoteza sehemu ya umeme unapoingia na kutoka. Kwa hali yangu, sola kwa ajili ya gari hailipi.

Kuna jambo la kiufundi ambalo wauzaji hawalisemi. Chaja inayokuja na Leaf kutoka Japani huvuta kama kilowati 3 moja kwa moja, haipungui. Paneli za kilowati 2 zitachangia, na kinachobaki kitatoka TANESCO, tena wingu likipita kinatoka kingi zaidi. Ukitaka gari lifuate jua, nunua chaja inayoweza kushushwa ampea. Hata hiyo ina kikomo chake, ampea 6, sawa na kilowati 1.4. Chini ya hapo gari linakataa kuchaji kabisa. Vipaneli viwili vya wati 400 juu ya bati havitalichaji gari, mtu asikudanganye.

Na kwa sisi tulio karibu na bahari, Raskazone na kwingine, chumvi inakula skrubu na fremu za bei rahisi haraka sana. Lipia alumini na skrubu zisizoshika kutu.

Saa ya kuchaji bado ina maana

Nimesema saa haipunguzi shilingi. Lakini bado sichaji saa moja jioni, na sababu zake ni tatu.

Kwanza ni nguvu ya umeme. Kuanzia saa moja hadi saa nne usiku kila mtu amewasha, na kwenye mitaa iliyo mwisho wa laini umeme unakuwa mdogo. Nimepima kwangu jioni nikakuta volti 195 mahali panapotakiwa 230. Gari linachaji polepole, na friji inalia. Tukisubiri saa nne tunampunguzia mzigo jirani anayepika kwa presha kuka ya umeme, nasi gari linajaa mapema zaidi. Mto Pangani una mitambo ya Hale na Pangani hapa mkoani kwetu, na tangu mwaka 2024 gridi ya taifa ilianza kupokea umeme wa Bwawa la Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Lakini umeme mwingi kwenye gridi hausaidii kama transfoma ya mtaa imezidiwa.

Pili ni betri. Leaf kama yangu haina maji ya kupoza betri, inategemea hewa tu. Ukitoka Muheza mchana wa Februari, lami inawaka, ukafika na kuchomeka hapo hapo, unaongeza joto juu ya joto. Joto ndilo linalozimaliza betri za magari haya, na kipau cha afya ya betri kwenye kioo kikishapotea hakirudi. Kwa hesabu ya miaka mitano, kuiachia betri ipoe saa tatu nne kuna thamani kuliko bei yoyote ya usiku. Kama hutasafiri mbali kesho, ishia asilimia 80.

Tatu ni soketi, na hili lilinifika mwenyewe. Mwezi wa kwanza sikuwa na laini ya gari. Nilitoa ekstensheni kutoka sebuleni, nikaipitisha dirishani hadi chini ya mwembe. Nilikuwa nimeinunua dukani ikiwa imeandikwa ampea 13, na chaja ilikuwa inavuta hizo ampea 13 saa sita mfululizo. Usiku mmoja, kama saa nane, mke wangu aliniamsha. "Baba Halima, kuna kitu kinaungua." Sebule ilikuwa na harufu kali ya plastiki. Nilizima meinswichi kwanza, ndipo nikaenda na tochi. Plagi ilikuwa imeganda ndani ya soketi. Nilipoichomoa kwa koleo, tundu moja lilikuwa limeyeyuka na kulegea, plastiki nyeupe imekuwa kahawia kisha nyeusi, na waya nyuma yake ulikuwa mkavu kama ubua. Pazia lilikuwa kiganja kimoja kutoka hapo. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili.

Kwa hiyo kabla hujalinganisha tarifu yoyote, lipia laini ya gari. Waya wa milimita 4 kutoka kwenye meinswichi moja kwa moja hadi kwenye chaja, usiopitia soketi ya chumba chochote. Sakiti breka yake peke yake ya ampea 20. ELCB, ile inayokata umeme unapovuja. Na ethi ya kweli: fimbo iliyozama ardhini na kupimwa, si waya uliofungwa kwenye bomba. Mwambie fundi chaja inaweza kuvuta hadi ampea 15 kwa saa nane, umwambie hivyo hivyo, maana wengi wamezoea jagi la maji ya moto linalovuta dakika tano na kuzima. Fedha hii hairudi kwa uniti. Itoe tu.

Wenye bajaji nyingi

Mahali pamoja tu nimepaona Tanga ambapo saa ya kuchaji inageuka kuwa fedha, nako ni kwa mwenye vyombo vingi anayetumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi. Huyo anaingia kundi la T2. Uniti ni shilingi 195 kabla ya kodi na tozo, chini sana ya tarifu 1, lakini kuna malipo mengine: shilingi 15,004 kwa kila kVA (kipimo cha mzigo unaovutwa kwa wakati mmoja) ya mvuto wake wa juu kabisa katika mwezi.

Chukua bajaji 40 za umeme, kila moja na chaja ya kilowati 1.5 na uniti 8 kwa siku, siku 26 za kazi. Ni uniti 8,320. Zikirudi zote saa tatu usiku na kuchomekwa pamoja, mita inaona kama kVA 60. Zikigawanywa zamu mbili, ishirini hadi saa nane na nusu usiku na ishirini hadi asubuhi, inaona 30. Tofauti ni kVA 30, shilingi 450,120 kwa mwezi kabla ya kodi, na uniti ni zilezile. Siku moja tu ya uzembe katika mwezi, kijana wa zamu akizichomeka zote, inatosha kuipoteza akiba yote ya mwezi huo. Mwenye mradi wa namna hii anunue swichi za saa kabla ya kununua bajaji ya arobaini.

Nani achague nini

Gari la safari fupi na nyumba ndogo, baki tarifu 4 na uchunge zile 75. Safari za kila siku za Pongwe au Muheza, kubali tarifu 1 bila kinyongo, kwani akiba yako kubwa umeshaipata pale ulipoacha petroli. Mita ya pili ni ya mwenye jengo la pili. Sola ni ya ambaye gari lake lipo nyumbani mchana. Na usinunue chaja ya bei kubwa kwa sababu tu ina saa ndani yake. Leaf ina saa yake, na bei ya usiku ikija siku moja kwa wateja wa nyumbani, kitakachobadilishwa ni mita.

Jirani yangu wa nyumba ya tatu ana pikipiki ya umeme anayopakia abiria kuanzia stendi ya Kange. Alikuwa anaamka saa sita usiku kila siku kuichomeka, na saa kumi na moja alfajiri yuko barabarani. Macho yake yalikuwa mekundu mwezi mzima. Juzi tulikaa barazani na kahawa, nikamfungulia daftari. Pikipiki yake inakula kama uniti 83 kwa mwezi, nyumba 45, yuko tarifu 1, jumla kama shilingi 45,600. Akatazama safu mbili, ya usiku na ya jioni, akapitisha kidole mstari kwa mstari.

"Kwa hiyo Mwalimu, naweza kulala?"

"Lala, ndugu yangu."

Sasa anaichomeka saa nne, umeme ukishapata nguvu na betri imeshapoa, anasali, anazima taa. Saa kumi na moja naisikia ikipita bila muungurumo, matairi tu kwenye kokoto.